Charlotte Maxeke: Kwaya, Kipande na Kalamu

Wagonjwa wanaofika katika hospitali kubwa ya Parktown, jijini Johannesburg, hupita chini ya jina la mwanamke ambaye yamkini wengi wao hawamjui. Hospitali hiyo ilipewa jina la Charlotte Maxeke mwaka 2008. Mwaka uo huo, na katika jiji lilo hilo, viongozi wa Jumuiya ya Maendeleo ya Nchi za Kusini mwa Afrika (SADC) walikutana, na wengi wao wakatia sahihi Itifaki ya Jinsia na Maendeleo. Hati hiyo ilizitaka nchi wanachama ziwape wanawake nusu ya nafasi za uamuzi, kuanzia bungeni hadi katika serikali za mitaa, kufikia mwaka 2015. Isitoshe, ilitenga sehemu mahususi kuhusu vyombo vya habari. Miaka mitano kabla ya hapo, utafiti uliofanywa mwaka 2003 na asasi za Gender Links na MISA katika nchi 12 za eneo hilo ulikuwa umebaini kwamba miongoni mwa watu waliotafutwa na wanahabari ili watoe maoni yao, wanawake walikuwa asilimia 17 tu.

Sadfa hii ya mwaka na mahali ndiyo iliyomsukuma mwandishi wa makala haya kuyachunguza maisha ya Charlotte Maxeke. Itifaki huandikwa na wanasheria na kutiwa sahihi na marais. Hata hivyo, mambo mawili yanayoshughulikiwa na itifaki ile, yaani sauti ya mwanamke gazetini na nafasi ya mwanamke mbele ya wenye mji, yalikuwa yamemshughulisha binti huyu wa Mannya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo sheria haikumpa hata haki ya kupiga kura. Msomaji aliyezoea kuwasikia akina Winnie Mandela na Albertina Sisulu huenda akashangaa jinsi mizizi ya jambo hili ilivyokwenda mbali.

Charlotte Makgomo Mannya alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Serikali ya Afrika Kusini hushikilia mwaka 1871, na kwa ajili hiyo iliutangaza mwaka 2021 kuwa mwaka wake. Waandishi wengine hutaja 1874. Babake, John Kgope Mannya, alikuwa Msotho wa kaskazini kutoka sehemu za Ramokgopa, Mkristo wa Kipresbiteri aliyehubiri kanisani na kufanya kazi ya kujenga barabara. Mamake, Anna Manci, alikuwa Mxhosa na mwalimu. Kwa hivyo mtoto huyu alilelewa baina ya lugha mbili kabla hajaingia darasani, na shule za misheni za Uitenhage na Port Elizabeth zikamwongezea Kiingereza na Kiholanzi. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu lugha ndiyo iliyomfungulia milango mingi baadaye. Aila yake ilipohamia Kimberley, mji uliokuwa ukifukuliwa almasi usiku na mchana, Charlotte aliajiriwa kuwa mwalimu. Alifundisha lugha za Kiafrika kwa wageni, na Kiingereza cha msingi kwa wanyapara Waafrika. Hapana shaka kwamba mwalimu wa lugha anayesoma makala haya atamtambua mwenzake.

Mwaka 1891 Charlotte na mdogo wake, Katie, walijiunga na kwaya ya Waafrika iliyokuwa ikiandaliwa kwenda Uingereza. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuchanga fedha za kujengea shule ya ufundi. Kwaya ilizunguka miji ya Uingereza kwa takriban miaka miwili, na ikaimba mbele ya Malkia Victoria katika kasri la Osborne. Hadhira ilitaka kuona mambo mawili kwa wakati mmoja. Sehemu ya kwanza ya tamasha waimbaji walivaa ngozi na mablanketi, na sehemu ya pili wakavaa nguo za Kiingereza. Ieleweke kwamba hawa walikuwa vijana waliosoma, walimu na watoto wa wahubiri, ambao nyumbani hawakuwa wakitembea na ngozi. Walivishwa Uafrika ambao Waingereza walikuwa wamekwisha kuubuni, kisha wakavuliwa ili ionekane jinsi misheni ilivyowabadilisha. Walipigwa picha na kampuni ya London Stereoscopic. Vioo vya picha hizo vilikaa katika hifadhi kwa zaidi ya miaka 120, hadi vilipotolewa na kuonyeshwa London mwaka 2014. Katika mojawapo Charlotte anaonekana akiitazama kamera moja kwa moja.

Hilo lilikuwa funzo lake la kwanza kuhusu vyombo vya habari, nalo lilikuwa chungu. Magazeti yalieleza mavazi na rangi za waimbaji kwa urefu kuliko walivyoeleza fikra zao. Hata hivyo, jarida moja la London liliwahoji baadhi yao, naye Charlotte hakuitumia nafasi hiyo kusifu maajabu ya jiji. Aliomba shule ambapo watu wake wangejifunza stadi za mikono, na akaomba vilabu vya pombe vilivyowaharibu vifungwe. Maombi hayo mawili, shule na kupiga vita ulevi, alikwenda nayo hadi kaburini. Ama fedha za kwaya, hesabu zake zilivurugika na ugomvi ukazuka baina ya waimbaji na waandalizi. Katie alikata shauri kurudi nyumbani, na baadaye akawa mkalimani na msaidizi wa daktari mmisionari mjini Durban.

Charlotte hakuishia hapo. Alikubali safari ya pili, ya Kanada na Marekani, mwaka 1894. Safari hiyo ilivunjikia katika jimbo la Ohio, na waimbaji wakajikuta ugenini bila nauli ya kurudia. Ajabu ni kwamba balaa hiyo ndiyo iliyomletea bahati. Wachungaji wa Kanisa la AME, kanisa la Wamarekani weusi lililojitenga na ubaguzi wa Wamethodisti weupe, waliwapokea vijana kadhaa na kuwapeleka katika Chuo Kikuu cha Wilberforce. Miongoni mwa walimu wa chuo hicho wakati huo alikuwa W.E.B. Du Bois, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kusoma Ujerumani. Charlotte aliyekuja Marekani kuimba alibaki kusoma, na mwaka 1901 akarudi kwao akiwa na shahada ya sayansi. Alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi wa Afrika Kusini kupata shahada ya chuo kikuu.

Kabla hajarudi, alikuwa amekwisha kuibadilisha historia ya dini ya nchi yake kwa barua moja. Alimwandikia Katie kuhusu kanisa lililomlea, kanisa lenye maaskofu weusi waliojitawala wenyewe. Barua ilimfikia Mangena Mokone, mchungaji aliyekuwa amejitenga na Wamethodisti mwaka 1892 na kuanzisha Kanisa la Kiethiopia. Mokone aliandikiana na viongozi wa AME, na mwaka 1896 makanisa hayo mawili yakaungana. Vitabu vya historia humtaja Mokone na Askofu Henry McNeal Turner kwa mapana na marefu. Mwandishi wa barua aghalabu hupewa sentensi moja. Hali hii haipaswi kutushangaza, lakini inafaa tuitambue, kwani ndiyo inayoendelea katika kurasa za magazeti: tendo la mwanamke husimuliwa kama utangulizi wa tendo la mwanamume.

Mwaka 1903 Charlotte aliolewa na Marshall Maxeke, Mxhosa aliyesoma naye Wilberforce. Wawili hawa walianzisha na kuendesha shule sehemu mbalimbali, na iliyodumu zaidi ni Taasisi ya Wilberforce iliyoanzishwa Evaton mwaka 1908, kusini mwa Johannesburg, ikapewa jina la chuo chao. Walifundisha pia Idutywa, katika nchi ya Waxhosa na Wathembu. Huko ndiko tunakokutana na tukio ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko shahada. Charlotte aliruhusiwa kuhudhuria baraza la Mfalme Dalindyebo wa Wathembu na kushiriki katika mashauri yake, mahali ambapo kwa desturi wanawake hawakuwa na kauli. Mara nyingi tunaambiwa kwamba usawa wa kijinsia ni bidhaa ya kigeni na kwamba mila zetu hazina nafasi yake. Baraza lile la Thembuland halikuagizwa na mkataba wowote. Mfalme na wazee walimwona mtu mwenye maarifa, wakamsikiza.

Mwezi Januari 1912, viongozi Waafrika walikutana Bloemfontein na kuunda chama kilichokuja kuitwa ANC. Charlotte alikuwapo. Hata hivyo, kuwapo hakukumaanisha kuwa mwanachama kamili. Katika chama hicho wanawake walihesabiwa kuwa wasaidizi, wasio na kura, wakitarajiwa zaidi kuandaa makazi na burudani za wajumbe. Ilibidi ingojewe hadi mwaka 1943 ndipo wakubaliwe kuwa wanachama sawa na wanaume, miaka minne baada ya Charlotte kufariki.

Hapa inatupasa tueleze habari ya kipande. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa neno hili, kwani babu zetu walivishwa kipande shingoni kuanzia miaka ya 1919 na 1920. Kuna tofauti moja. Kipande cha Kenya kiliwalenga wanaume. Katika jimbo la Orange Free State nchini Afrika Kusini, hata wanawake walilazimishwa kubeba vibali, na walioamuru hivyo hawakuwa wakubwa wa Pretoria bali mabaraza ya miji. Kila manispaa ilikuwa na uwezo wa kutunga kanuni za mitaa ya Waafrika iliyo chini yake. Mwanamke alihitaji kibali cha kuishi mtaani na kibali cha kufanya kazi, na vibali hivyo alivilipia. Askari wa manispaa walikuwa na ruhusa ya kumsimamisha njiani au kubisha mlangoni mwake usiku kukitafuta. Malalamiko kuhusu askari kuwadhalilisha wasichana kwa kisingizio cha kukagua vibali yalikuwa mengi. Kwa ufupi, serikali ambayo mwanamke Mwafrika aliijua kwa karibu zaidi ilikuwa serikali ya mtaa, na serikali hiyo ilimjia kwa sura ya mwanamume aliyeshika tochi.

Mwaka 1912 wanawake wa jimbo hilo walikusanya maelfu ya sahihi na kutuma wajumbe Cape Town. Waliahidiwa mengi na kupewa machache. Tarehe 28 Mei 1913, baada ya mkutano katika mtaa wa Waaihoek, wanawake wapatao 200 walitembea hadi katikati ya mji wa Bloemfontein wakitaka kuonana na meya. Vibali vilichanwa. Waliokamatwa walikataa kulipa faini wakachagua kifungo, na upinzani ukaenea hadi Winburg na Jagersfontein. Sol Plaatje aliwatembelea baadhi ya wafungwa katika gereza la Kroonstad, na kitabu chake cha mwaka 1916 kuhusu maisha ya Waafrika kina sura nzima juu yao.

Wasifu mwingi wa Charlotte Maxeke husema kwamba ndiye aliyeongoza maandamano haya. Mimi naona tahadhari inafaa. Waliotembea siku ile walikuwa wakazi wa Waaihoek, wafuaji nguo na watumishi wa majumbani, wakiwa na chama chao wenyewe cha wanawake wa Free State na viongozi wao wenyewe. Tukimpa Charlotte kila kitu tunawapokonya wanawake hao kile kidogo ambacho historia imewaachia. Mchango wake usio na shaka ulikuja miaka mitano baadaye. Mwaka 1918, kulipokuwa na dalili kwamba vipande vya wanawake vingerudishwa kwa nguvu na kusambazwa, alianzisha Bantu Women's League, jumuiya ya wanawake iliyohusiana na chama cha akina Plaatje, akawa rais wake. Mwaka uo huo aliongoza ujumbe hadi kwa Waziri Mkuu Louis Botha kuzungumzia jambo hilo. Kile kilichokuwa hasira ya miji michache kikawa hoja ya taifa, chenye ofisi na mtu wa kuijibia barua ya serikali.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Sheria ya Maeneo ya Mijini ya mwaka 1923 haikuwabebesha wanawake vipande. Serikali ilipojaribu kupitia mlango wa nyuma mwaka 1925, kwa kuwataka wanawake wa Johannesburg wawe na vibali vya kutembea usiku, kesi ilifikishwa katika mahakama ya rufani. Swali lilikuwa la maana ya neno moja. Je, neno la Kiingereza lililotumiwa katika sheria za vipande kumtaja mwenyeji mweusi lilimjumuisha mwanamke? Mwaka 1926 mahakama iliamua kwamba halikumjumuisha, kwa kuwa katika historia ya sheria hizo vipande vilikuwa vya wanaume. Wanafunzi wa semantiki wana jambo la kutafakari hapa. Kwa kawaida wanawake hulalamika kwamba lugha ya sheria imewasahau. Katika kesi hii kusahauliwa kukawa ngao. Naam, ngao hiyo haikudumu: mwaka 1930 manispaa ziliongezewa uwezo wa kuzuia wanawake kuingia mijini, na mwaka 1952 sheria mpya ikawafungulia njia maafisa kuwapa wanawake vitabu vya vipande. Wanawake 20,000 waliokwenda Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 walikuwa wakiendeleza shauri ambalo mama zao walilianzisha.

Sasa tuigeukie kalamu. Mwezi Februari 1920, maelfu ya wachimba migodi Waafrika waligoma huko Witwatersrand. Wenye migodi waliona kwamba gazeti la Abantu-Batho, lililoanzishwa mwaka 1912 na Pixley Seme, lilikuwa likiwachochea wafanyakazi. Jibu lao lilikuwa kuanzisha gazeti jingine, Umteteli wa Bantu, lililochapishwa kwa Kiingereza na kwa lugha kadhaa za Kiafrika, na lenye sauti ya upole zaidi. Marshall Maxeke akawa mhariri. Humo ndimo Charlotte alimoandika kwa Kixhosa kuhusu hali ya wanawake: ndoa, malezi, kazi, elimu ya wasichana, na nafasi yao katika siasa.

Kuna mtu atakayeuliza: je, mpigania haki anaweza kuandika katika gazeti linalogharimiwa na wenye migodi? Swali hili ni zito, na sidhani kwamba lina jibu la mkato. Fedha za gazeti zilitoka katika mifuko iyo hiyo iliyowalipa wachimbaji ujira duni. Kwa upande mwingine, mwanamke wa kijijini Transkei aliyejua kusoma Kixhosa na asiyejua Kiingereza hakuwa na mahali pengi pa kukutana na hoja za Bantu Women's League. Charlotte alikuwa na shahada ya Marekani na angeweza kuandika kwa Kiingereza kisafi ili asifiwe na wazungu wa Johannesburg. Katika suala la wanawake alichagua lugha ya mamake. Inaelekea alimjua vyema aliyekuwa akimwandikia.

Wala hakuwa peke yake katika kurasa zile. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1929, gazeti lilo hilo lilichapisha mashairi mengi ya Nontsizi Mgqwetho, mwanamke aliyetumia utenzi wa sifa, bahari ambayo kwa desturi ya Waxhosa ilikuwa ya wanaume, kuwakemea machifu, wanasiasa na waumini. Mashairi yake yalikusanywa katika kitabu na Jeff Opland mwaka 2007. Mpaka hapo, yalikuwa yamelala katika kurasa za gazeti kuukuu. Sisi tunaochunguza ushairi wa Kiswahili katika magazeti ya zamani tunajua ni hazina ngapi zinazosubiri namna hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Charlotte alialikwa Pretoria kuhutubia klabu ya wanawake weupe waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Alikwenda na kuwaeleza maisha ya wanawake Waafrika. Wenzake wale walipata kura yao mwaka 1930, na kura hiyo ilitolewa kwa wanawake weupe pekee. Mwanamke mweusi alingoja hadi mwaka 1994. Sijui kama kuna mfano ulio wazi zaidi ya huu wa namna neno wanawake linavyoweza kutamkwa na watu wawili likiwa na maana mbili.

Katika miaka iyo hiyo aliajiriwa kuwa afisa wa urekebishaji tabia wa vijana katika mahakama ya hakimu ya Johannesburg, mwanamke wa kwanza mweusi kushika kazi hiyo. Aidha, aliendesha ofisi ya kuwatafutia Waafrika kazi. Kila asubuhi alikutana na watoto waliokamatwa kwa wizi mdogo na uzururaji, na kila mtoto alimrudisha katika hadithi moja. Mwanamume ameondoka shambani kwenda mgodini. Mke amemfuata au amekuja kumtafuta. Mjini hana kibali wala nyumba. Anapika pombe ya kienyeji ili aishi, anakamatwa, na watoto wanabaki barabarani. Haya ndiyo aliyoyaeleza mwaka 1930 katika mkutano wa wanafunzi Wakristo uliofanyika Fort Hare, katika mhadhara ambao hadi leo husomwa na wanahistoria.

Sehemu ya mhadhara huo iliyonigusa zaidi inahusu nyumba. Katika mitaa ya manispaa, nyumba ilikodishwa kwa mwanamume mwenye mke. Mwanamke aliyekuja peke yake, awe mjane au ameachwa, aliulizwa na msimamizi wa mtaa mume wake yuko wapi, na bila jibu la kuridhisha hakupewa chumba. Kwa hivyo wanawake walijitwalia waume wa jina tu ili wapate paa juu ya vichwa vyao. Kisha wahubiri na maafisa wale wale waliotunga kanuni hiyo wakalaumu uzinzi wa mijini. Charlotte hakuona haja ya kutoa mahubiri juu ya maadili hapo. Alionyesha jinsi kanuni ya manispaa ilivyozaa dhambi ambayo manispaa ilikuja kuiadhibu. Aliwaambia vilevile wasikilizaji wake, weupe kwa weusi, kwamba kumwinua mwanamke na mtoto kungemfaidi mwanamume pia, na kwamba alihitaji watu wa kufanya kazi pamoja na Waafrika badala ya kuwafanyia kazi.

Isieleweke kwamba namwona kuwa hana ila. Charlotte alikuwa Mkristo wa enzi yake, mpinga pombe asiyeyumba, na kwa mpishi wa pombe ya kienyeji aliyepoteza mapipa yake kwa polisi, mama huyu mwenye shahada anayelipwa na mahakama huenda hakuonekana kuwa mwokozi. Alikuwa katikati: aliwajua wanawake hawa kuliko hakimu yeyote, na bado alikuwa mtumishi wa hakimu. Bantu Women's League nayo ilififia katika miaka ya 1920, kwani nguvu zake zilitegemea mno mtu mmoja aliyekuwa na kazi nyingi. Marshall alifariki mwaka 1928, mwaka ambao Charlotte alisafiri tena Marekani kuhudhuria mkutano wa kanisa lake. Alirudi mjane, na akaendelea.

Mwaka 1930 Dkt. Alfred Xuma, aliyekuja kuwa rais wa ANC baadaye, alichapisha kijitabu kuhusu maisha yake ili kuonyesha anachoweza kufanya msichana Mwafrika aliyesomeshwa. Dibaji iliandikwa na mwalimu wa Wilberforce, Du Bois. Mwaka 1937, mjini Bloemfontein, wanawake kutoka sehemu mbalimbali za nchi walimchagua kuwa rais wa Baraza la Taifa la Wanawake Waafrika. Ni mji ule ule ambao wanawake wa Waaihoek walimtafuta meya wake miaka 24 kabla. Charlotte alifariki tarehe 16 Oktoba 1939 huko Kliptown, Johannesburg.

Jina lake lilifika Afrika Mashariki kabla ya kufika mlangoni mwa hospitali ya Parktown. Wakimbizi wa ANC walipopewa ardhi Mazimbu, karibu na Morogoro nchini Tanzania, walijenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Pembeni yake kulikuwa na kituo cha kulelea watoto wadogo ili mama zao wapate kusoma na kufanya kazi za chama. Kituo hicho waliita Charlotte Maxeke. Wakimbizi waliondoka mwaka 1992, na leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Watoto waliolelewa pale walijifunza nyimbo za kwao kwa Kixhosa, Kizulu na Kisotho, na Kiswahili wakakisikia kwa majirani wa Morogoro.